Kihamba, Kaburi na Karatasi: Namna ya Kujiandaa kwa Kifo Ukiwa Moshi au Arusha

Uchaggani tunajua kuzika. Taarifa ya msiba ikifika saa nne usiku kutoka Dar es Salaam, asubuhi kamati imeshakaa, turubai limefungwa, akina mama wa jumuiya wako jikoni, na kuna mtu tayari ameshika daftari la rambirambi. Waarusha na Wameru wana utaratibu wao, na Waislamu wa Majengo au Kaloleni wana wao ambao ni wa haraka zaidi, lakini popote utakapofia kati ya Kibo na Mlima Meru, watu watakuja na utasitiriwa. Hilo halinipi wasiwasi.

Wasiwasi wangu ni siku ya kuanua matanga. Wageni wameondoka, wanaukoo wamekaa kwenye viti vya plastiki, mzee anauliza nani anamdai marehemu na nani anadaiwa naye. Hapo maswali yanaanza kumiminika. Hati ya kiwanja cha Njiro iko wapi? Mkopo wa SACCOS umebaki kiasi gani? Yule kijana aliyesimama nyuma wakati wa kuaga mwili, akilia kuliko wote, ni mtoto wa nani? Na mwenye majibu amezikwa juzi.

Kwetu kutaja kifo chako mwenyewe ni uchuro, na mzee anayeita watoto kuwaonyesha mali huonekana amechoka kuishi. Siidharau hofu hiyo. Imetoka kwa watu waliozika sana. Lakini nimekaa kwenye vikao vya ukoo vya kutosha kuona kwamba ugomvi mwingi wa mirathi huanzia kwenye ukimya, muda mrefu kabla tamaa haijaingia. Kila mtoto anakumbuka alichoambiwa na baba siku yake, wakiwa wawili tu, na kila mmoja anasema kweli.

Kwenye miteremko hii ukimya una gharama ya ziada, kwa sababu kaburi na ardhi haviachani. Tunazika kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, chini ya migomba, na mahali alipolala baba ndipo mtoto atakaposimama kudai kwamba hapa ni petu. Kwa hiyo mtu aliyeandika nani achukue gari na nani achukue nyumba, asiseme azikwe wapi na kihamba kiende kwa nani, ameacha sehemu ngumu zaidi bila kuigusa.

Sheria ipi itakuhusu?

Wengi wanadhani Tanzania Bara ina sheria moja ya mirathi. Ziko tatu, na zinagawa mali ileile kwa namna tofauti kabisa.

Tuseme baba ni Mchagga wa Kibosho, fundi aliyehamia Arusha ujanani. Ana mke, watoto wawili wa kiume na wawili wa kike, nyumba mtaa wa Sakina mjini Arusha na kihamba kijijini. Akifa bila wosia, na mahakama ikaona mirathi yake ifuate mila, zinaweza kutumika kanuni za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 katika Tangazo la Serikali Namba 436. Humo warithi wamepangwa kwa madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa daraja la kwanza, wanaume wengine la pili, mabinti wote la tatu, na fungu linapungua kadiri daraja linavyoshuka. Mjane mwenye watoto hana fungu lake. Anategemea kutunzwa na watoto hao.

Mahakama ikiona kwamba familia iliishi kimjini na kwa taratibu za Kikristo, mbali na mila, inaweza kutumia Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, tuliyoachiwa na Waingereza. Hapo mjane mwenye watoto anapata theluthi moja, na theluthi mbili zinagawiwa watoto kwa usawa, wa kike na wa kiume. Na kama baba ni Mwislamu aliyeishi Uislamu wake, mjane anapata thumuni, yaani moja ya nane, kisha watoto wanagawana kinachobaki, wa kiume akichukua mara mbili ya wa kike.

Mama ni yuleyule, nyumba ya Sakina ni ileile. Kinachomtoa kwenye kutunzwa na kumfikisha kwenye theluthi ni jinsi hakimu atakavyosoma maisha ya marehemu: aliishije, na alikusudia nini. Wakati huo wa kusomwa wewe hutakuwapo kujieleza. Ndiyo maana nasema hata mtu asiye na mali nyingi aandike walau sentensi moja inayoeleza anataka mirathi yake iongozwe na sheria gani.

Sitaficha ninavyoziona kanuni za 1963: zinawaumiza wajane na mabinti. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, baada ya kupokea malalamiko ya wajane wawili wa Kitanzania, iliitaka nchi yetu ibadili sheria hizo. Mwenye mke na mabinti anaowapenda asisubiri Bunge. Wosia wake unaweza kufanya kazi hiyo leo.

Kuna jambo moja ambalo vikao vya ukoo hulisahau sana. Mirathi ni mali ya marehemu peke yake. Kiwanja ambacho mama alinunua kwa fedha za duka lake, ng'ombe aliopewa na wazazi wake, na mchango wake katika nyumba waliyojenga pamoja, vyote hivyo vitenganishwe kwanza kabla ya kuanza kuhesabu. Na mwanamke ambaye hakufunga ndoa kanisani wala bomani asikubali kuambiwa yeye ni mpita njia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawachukulia waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakitambulika kama mke na mume, kuwa ni wanandoa, mpaka itakapothibitishwa vinginevyo.

Kihamba

Desturi ya Kichagga inajulikana: kitinda mimba wa kiume anabaki na nyumba ya wazazi, mkubwa naye ana upendeleo wake, wa katikati wanatafutiwa au wanajitafutia. Ilikuwa na mantiki yake wakati mlima ulikuwa na nafasi. Siku hizi kihamba ambacho babu alilima kahawa kimekatwa mpaka kimebaki ukanda, kitinda mimba anaishi Mwanza na anakuja Desemba tu, na binti aliyeachika ndiye anayewauguza wazazi na kukata majani ya migomba. Desturi ikitumika kama ilivyo, huyu binti anaondoka siku baba akizikwa.

Sheria haimfungi hivyo. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na ile ya vijiji inabatilisha mila inayomnyima. Hata kabla ya hapo, mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza ilishaamua, katika shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, kwamba alikuwa na haki ya kuliuza kama mwanamume. Lakini haki iliyo kwenye kitabu inahitaji mtu wa kuidai, na binti aliyebaki peke yake mlimani mara nyingi hana nauli ya kwenda mahakamani kila shauri linapoahirishwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu kihamba ni tofauti na ushauri kuhusu mali nyingine: usikiache kwa wosia kama unaweza kukigawa ukiwa hai. Waite watoto wote, majirani wa pande zote na wazee wawili watatu wa ukoo. Tembeeni mpakani. Pandeni masale, mmea wetu wa kuonyesha mpaka, mbele ya macho ya kila mtu. Halafu nendeni kwa mtendaji wa kijiji iandikwe, na kama kijiji chenu kinatoa hati miliki ya kimila, fuatilieni hadi ipatikane kwa jina la kila mmoja. Ardhi uliyokwisha kuitoa na kuikabidhi ukiwa na akili timamu si sehemu ya mirathi yako tena, na atakayetaka kubisha atabishana na majirani walioona masale yakipandwa.

Siku hiyohiyo onyesha pa kuzikia. Sema wewe utalala wapi na mkeo wapi. Sema kama binti zako wasioolewa au walioachika wana mahali hapa, kwa sababu hilo ndilo linalowatesa familia jeneza likiwa njiani: binti amefia Arusha, kwa mumewe wa zamani hawamtaki, na kwao kaka anasema desturi hairuhusu. Maneno machache ya baba yangelimaliza. Na kama umeamua kuzikwa makaburi ya mjini badala ya kijijini, waambie ndugu zako mapema wewe mwenyewe, usimwachie mjane kazi ya kuwaambia wazee wa ukoo kwamba mwili haupandi mlima. Uwaambie pia sababu zako. Mjane akisema peke yake ataambiwa anatunga.

Wosia wenyewe

Kwa kanuni za kimila, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja baki. Wa asiyejua kusoma, wanne. Mke au wake waliopo nyumbani nao washuhudie. Anayepewa kitu humo asiwe shahidi, isipokuwa mke. Uandikwe kwa wino au upigwe chapa, uwe na tarehe na sahihi au dole gumba, na mashahidi waone ukisaini. Sauti uliyorekodi kwenye simu ukamtumia mwanao haichukui nafasi ya mashahidi hao, hata kama ulilia wakati unaongea.

Mwislamu ana mipaka yake. Baada ya gharama za mazishi na madeni, anaweza kuusia hadi theluthi moja, na isiwe kwa warithi ambao Qur'ani imeshawapangia mafungu. Akitaka kumpa kitu mtoto aliyemlea asiyemzaa, theluthi ndiyo mahali pake.

Kumnyima mrithi si kuandika tu "fulani asipate". Kanuni za kimila zinataka sababu kubwa: kwamba alizini na mke wa mtoa wosia, alijaribu kumuua au kumdhuru vibaya yeye au mama yake, alimtelekeza kwenye njaa au ugonjwa, au aliharibu mali. Sababu itajwe wazi, na mhusika apewe nafasi ya kujitetea. Nimeona hasira za siku moja zikiandikwa kwenye wosia na kuurudisha wote mahakamani.

Watoto wa nje, sasa. Hapa naongea na akina baba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidika ipasavyo na mali ya mzazi wake. Unajua kama yuko. Mke wako kumfahamu ukiwa hai, hata kwa machozi na miezi ya kununiana, ni bora kuliko kumfahamu mbele ya jeneza na umati wa watu. Mwandike jina lake, na jina la mama yake, na unachompa. Kama huwezi kumwambia mkeo peke yako, mtafute mchungaji, padri, shehe au mzee mnayemheshimu wote wawili akae kati yenu. Mimi sijui njia nyepesi zaidi ya hiyo, lakini naijua nzito: ni ile ya mtoto kusimama getini siku ya msiba akiambiwa hana baba hapa.

Wosia ukishasainiwa unaweza kuhifadhiwa RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo), benki, kwa wakili, mahakamani, au kanisani na msikitini. Popote utakapouweka, watu wawili wajue. Ukibadili mawazo andika mwingine, kwa sababu wosia wa maandishi haufutwi kwa maneno ya mdomo. Ule wa zamani uuchane na uwaambie mashahidi wake.

Msimamizi si mrithi mkuu

Neno "msimamizi wa mirathi" limewafanya kaka wakubwa wengi waamini kwamba wamekabidhiwa mali. Msimamizi ni mtumishi: anakusanya mali, analipa madeni, anagawa kilichobaki, anatoa hesabu, anamaliza. Anayeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kurudisha orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne. Akiuza au kujimilikisha, warithi wanaweza kuomba aondolewe. Ukoo unapendekeza jina kwenye kikao na kuandika muhtasari, lakini mwenye kuteua ni mahakama.

Mtaje wewe mwenyewe kwenye wosia, na uchague kwa tabia badala ya umri. Binti anayetunza hesabu za VICOBA bila malalamiko atafaa kuliko kaka mkubwa mwenye madeni. Mkeo naye anafaa; hakuna sheria inayomkataza mjane kuwa msimamizi.

Mahakama za Mwanzo zinashughulikia mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Ile inayofuata sheria ya 1865 haianzii hapo, inapelekwa ngazi za juu zaidi, na familia ikikosea mlango inaweza kupoteza mwaka na kuanza upya. Tena, hati uliyompa mwanao ya kukuwakilisha benki au ardhi inakufa siku unayokufa wewe. Vivyo hivyo namba ya siri ya simu: anayetoa fedha za M-Pesa za marehemu kabla hajateuliwa anaingilia mirathi, hata kama nia yake ni kununua sanda. Fedha za mazishi zipangie mahali pengine, na kikundi cha kufa na kuzikana ndicho mahali pa zamani na pa kuaminika. Hakikisha michango yako iko sawa na mkeo anamjua mwenyekiti.

Karatasi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona pahala inapothibitika kama kwenye mirathi. Nunua daftari la kawaida. Andika akaunti za benki (si namba za siri), uanachama wa SACCOS na VICOBA, namba ya NSSF au PSSSF, hati za viwanja na mahali zilipo, mikataba ya mauziano iliyosainiwa kwa mwenyekiti wa mtaa, kadi ya gari, bima, unachodaiwa na unachodai. Kwenye mkopo ulizia kama una bima inayofuta deni mkopaji akifa, na uandike jibu. Wake wengi wameuza kiwanja kulipa deni ambalo bima ingelilipa.

Halafu kagua majina. Huu ndio ugonjwa wetu mkubwa: kitambulisho cha NIDA kina jina la ubatizo na la baba, hati ya kiwanja ina jina la utani lililokukaa tangu shule, akaunti ina jina la ukoo limeandikwa kwa herufi tofauti. Wewe ukiwa hai unarekebisha kwa kiapo cha wakili na subira kidogo. Ukifa, mjane ndiye atakayemthibitishia karani kwamba watu watatu hao ni mumewe mmoja. Kagua pia jina la mrithi ulilojaza kwenye fomu za kazini na za SACCOS. Mtu aliyejaza akiwa kijana huenda bado ameandika mama yake, naye mama alishatangulia.

Kwa upande wa walio hai, kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Hospitali inatoa kibali cha mazishi kinachotumika baadaye kupata cheti cha kifo RITA. Aliyefia nyumbani, habari zianzie kwa mtendaji. Bila cheti hicho benki, mfuko wa pensheni na mahakama hawana pa kuanzia. Msibani mchagueni mtu mmoja mtulivu ashike kibali hicho na asikiachie.

Kabla ya hapo

Yote haya yanahusu siku ya kifo na baada yake, lakini wengi wetu hatutakufa ghafla. Tutaugua. Mwambie mtu mmoja unayemwamini ungependa nini ikifika mahali madaktari wanasema hakuna tiba tena: urudishwe nyumbani au ubaki hospitali, ng'ombe wauzwe kwa ajili ya safari ya mwisho ya matibabu au wabaki kwa ajili ya ada za wajukuu. Waulize madaktari wa KCMC, Mount Meru au hospitali iliyo karibu nawe kuhusu tiba shufaa, ile ya kutuliza maumivu na kumsindikiza mgonjwa na familia yake. Morfini ya kunywa ipo nchini, na hakuna sababu ya mzee wa saratani kulia usiku kucha kwa kuwa watoto waliona aibu kuuliza.

Kama unatafuta wakati wa kuanza, Desemba inafaa. Watoto wamepanda kutoka Dar, Mwanza na Dodoma, wanaukoo wako karibu, jirani asiye wa ukoo anapita kusalimia, na mkeo yuko nyumbani: mashahidi wote ambao kanuni inawataka wamekaa uwanja mmoja. Wosia ukiwa umeshaandikwa pembeni, kinachobaki ni kutembea mpakani asubuhi na kusaini mchana. Fanyeni kabla mbege, pombe yetu ya ndizi, haijamiminwa, ili asije mtu baadaye akasema hamkuwa timamu.